Risasi Moja kati ya Tano

Kila asubuhi Makari alipiga magoti jikoni akamfunga binti yake kamba za buti. Feodora alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mkono wake wa kulia, ule uliotafunwa na dubu mwezi wa nane, ulining'inia tu, vidole vimejikunja. Kwa mkono mmoja mtu anaweza kula, kuchana nywele, hata kuendesha boti, lakini kamba za buti humshinda. Makari alifunga fundo, akaongeza la pili, akapiga kofi dogo ubavuni mwa buti. Usoni hakumtazama. Ilikuwa imetimia miezi saba hajamtazama usoni.

Kijiji kizima, ukimtoa padri, kilijifunza kulenga shabaha kwa Makari. Upande huu wa Alaska dubu ni wengi kuliko watu, na hakuna anayeshuka mtoni kifua kitupu. Bunduki ndefu ni nzuri ukiwa umesimama. Ukiwa umeinama majini na samaki mikononi, bunduki imeegemea jiwe hatua kumi kutoka ulipo, na dubu hakupi hatua kumi. Ndiyo maana watu huvaa kifuani bastola ya silinda, ile yenye matundu ya risasi yanayozunguka kila ukivuta, fupi ya mtutu, nene ya risasi. Raha kuibeba, adhabu kuipiga. Ina teke la punda.

Risasi zake Makari alizijaza mwenyewe bandani: baruti kwa mizani, kichwa kizito juu yake, kisha ganda likabanwa shingoni ili kichwa kisitoke. Na alikuwa na sheria moja aliyomwimbia kila mwanafunzi: bastola ngeni na risasi ngeni hazijuani. Piga zote ila ya mwisho, kisha itoe hiyo ya mwisho uitazame. Bastola nyepesi ikipiga teke, maganda yaliyobaki ndani hurudi nyuma kwa nguvu, vichwa vikabaki vilipokuwa, kama mtu aliyevutiwa kiti. Kichwa kikichomoza, silinda haizunguki tena, na ulichoshika mkononi ni kipande cha chuma. Watoto wa hapa waliijua sheria hiyo kabla ya sala ya Baba Yetu.

Mwaka jana Feodora alipata kazi ya kuhesabu samaki aina ya samoni wanaopita kwenye uzio wa mtoni, mwendo wa saa nzima kwa boti. Makari akamnunulia bastola fupi kuliko zote alizowahi kushika, ya chuma chepesi, ya risasi tano. Akaitilia risasi zilezile alizozitumia miaka ishirini kwenye bastola yake kubwa, nzito, isiyo na haraka. Akashuka nayo ufukweni kuijaribu.

Alipiga moja. Kifundo chake cha mkono, kilichovunjwa zamani na winchi, mashine ya kuvutia nyavu, kilimuuma hata akaona giza. Alikaa juu ya gogo, mkono kaubana katikati ya mapaja, akalia, yeye mwalimu wa kijiji kizima. Hakuna aliyemwona. Aliporudi nyumbani Feodora akauliza, "Vipi, baba?" Naye akajibu, macho makavu, "Nimepiga nne, ya tano nimeitazama. Iko sawa."

Mficha uchi hazai, wanasema. Huyu alikuwa ameshazaa, na alichokificha kilikwenda kumla mtoto. Kikulacho ki nguoni mwako. Feodora alikivaa kifuani, kwa mapenzi ya baba yake.

Dubu alitokea kwenye majani marefu, bila kunguruma. Feodora alipiga ya kwanza chini, mbele ya miguu ya mnyama, kama alivyofundishwa. Ya pili ikampata begani, asijali. Ya tatu haikutoka. Wenzake walimfukuza dubu kwa bunduki, wakambeba Feodora, wakaiokota bastola majini na kumletea Makari ndani ya mfuko wa plastiki.

Alijua hata kabla ya kuitoa mfukoni. Kichwa cha risasi moja kilikuwa kimechomoza mbele na kuibana silinda. Angeweza kuiacha vile. Hakuiacha. Alikirudisha ndani kwa kijiti na nyundo ndogo, akatoa risasi, akasafisha, akapaka mafuta. Mtu wa ofisi ya samaki alipokuja kuandika taarifa, Makari alimpa bastola iliyozunguka kama saa.

"Haina kosa," alisema.

Yule mtu akaandika kwamba mfanyakazi aliganda kwa hofu. Angeandika nini tena?

Na Feodora akaamini. Kule hospitali, mkono umefungwa bandeji hadi bega, alimwambia baba yake, "Nadhani nilivuta. Au labda kidole kiliganda. Sijui tena." Makari akamjibu, "Humtokea yeyote, mwanangu." Akadhani amemfariji, mzee yule, Mungu amsamehe.

Basi asubuhi hii ya mwezi wa tatu alikuwa amemaliza buti la kulia, ameanza la kushoto, mlango ukafunguliwa bila kubishwa hodi. Alikuwa Zakhar, mdogo wake. Makari akafunga fundo moja tu, akainuka haraka. Zakhar alikwisha kujikatia pai ya samaki.

"Kaka, binti yangu Anisia kapata kazi. Ile ya uzio."

"Mpe hongera zangu," Feodora akasema. Ndiyo iliyokuwa kazi yake, na ofisi ilikwisha kumwandikia kwamba hawatamrudisha, hata kukaa tu na kuhesabu.

"Sasa nimekuja kuuliza ile bastola. Si imelala tu hapa? Usinune, Feodora mwanangu, lakini Anisia hagandi, huyo. Mama yake mwenyewe anamwogopa."

Feodora akacheka kicheko kifupi kisichofika machoni. "Ichukue, baba mdogo. Boksi la risasi liko kwenye kabati, karibu limejaa. Chuma kizuri hicho. Kilikosa mtu tu."

"Haiendi," Makari akasema.

"Kaka, uchoyo umeanza lini?"

"Nimesema haiendi!"

"Baba, mpe," Feodora akasema taratibu. "Unaitunzia nini? Ukumbusho wa uoga wangu?"

Makari aliliangalia kabati. Na hapa tuseme kweli, maana yeye mwenyewe aliisema baadaye: alifikiri njia nyingine. Angeingia bandani jioni, azibane upya zile risasi, azibane sawasawa, ampe Anisia, na asingejua mtu hadi kiama. Alilifikiri hilo kwa muda wa kutafuna tonge moja. Kisha akaona Feodora anavyoushika ule mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mzigo wa mtu mwingine.

"Vaa koti," akamwambia. "Twende ufukweni. Zakhar, wewe tusubiri."

"Mimi nipo," Zakhar akasema, mdomo umejaa. "Pai bado ipo."

Akatoa bastola na boksi kabatini, wakashuka. Theluji ilikuwa imeanza kuachia mawe. Makari akajaza risasi tano za boksi lile, akaelekeza bahari tupu, akavuta. Teke likampanda hadi kiwikoni na machozi yakamtoka papo hapo, mbele ya mwanawe safari hii. Akavuta tena. Mara ya tatu triga haikwenda. Aliivuta kwa nguvu zote, hata uso ukamwiva, haikwenda.

Alimpa Feodora, mtutu ukielekea baharini. "Vuta."

"Baba, unanichezea?"

"Vuta, nakuomba."

Feodora alivuta kwa mkono wa kushoto. Akaongeza kidole cha pili. Hakuna. Akaisogeza karibu, akaitazama silinda kwa ubavuni, mahali ambapo mwanafunzi yeyote wa Makari angetazama. Kichwa cha risasi kilikuwa kimetoka nje kama ulimi.

"Siku ile nilivuta," akasema.

"Ulivuta, mwanangu."

"Kidole hakikuganda."

"Hakikuganda."

"Uliniambia umepiga nne."

"Nilipiga moja. Mkono uliniuma. Niliona haya."

"Na walipokuletea?"

"Ilikuwa hivihivi. Niliigongagonga, nikaisafisha." Makari alitaka kusema zaidi, kwamba alikusudia kumwambia, kwamba kila siku alikusudia. Aliyaona maneno yenyewe yalivyo machafu, akayaacha.

Feodora hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Alisema kwa sauti ileile aliyokuwa akiombea chumvi mezani:

"Mkono ningekusamehe, baba. Mtu huumwa, mtu hudanganya kidogo, bahati mbaya ikaingia. Lakini miezi saba nimelala nikijua kuna mwoga kitandani mwangu. Kumbe alikuwa chumba cha pili."

Akaitia bastola mfukoni mwa koti, imekwama vilevile. "Hii ataiona baba mdogo kama ilivyo. Na ofisini wataiona kama ilivyo. Usiiguse."

Alipogeuka, kamba ya buti la kushoto, ile ya fundo moja, ilikuwa imefunguka na kukokota kwenye mawe. Makari aliiona. Alipiga magoti upesi, kifundo chake cha mkono kimeanza kuvimba, akanyoosha mikono yote miwili.

Feodora akavuta mguu nyuma. "Acha."

Akapanda njia ya kijijini polepole, akiinua juu mguu wa kushoto kila hatua asijikwae, kamba ikichora mstari kwenye theluji. Makari alibaki amepiga magoti palepale, mikono mbele, hana cha kufunga.