Kijito Kisicho na Kaa

Yudith alikwenda kijitoni kunawa tope tu. Tangu asubuhi kijiji kizima cha Tupendane, wake kwa waume, kilikuwa kikichimba mtaro wa bomba, na viganja vyake vilikuwa vimeota malengelenge. Akainama, akanawa, na kwa mazoea ya utotoni akainua jiwe kuona kuna nini chini yake.

Hapakuwa na kitu.

Akainua la pili, la tatu. Akavuka, akapekua mawe ya upande wa pili, makubwa kwa madogo, hadi gauni likamlowa kiunoni. Hapakuwa na kaa wala ruba. Hata vile vidudu bapa vyenye mikia mitatu, ambavyo jiwe likigeuzwa hukimbilia kivulini, havikuwapo. Maji yalikuwa maangavu kama kioo, na hamkuwa na kiumbe ndani yake.

Yudith alizaliwa Mamboya, milimani, ambako msichana hukamata kaa kabla hajajua kutwanga. Akaolewa bondeni, karibu na Chanzuru, na mwaka uliopita, 1974, operesheni ya vijiji ikamhamisha pamoja na wenzake, ikawaleta kwenye pori hili lililopimwa viwanja na kupewa jina zuri. Mwaka mzima walikuwa wakinywa maji ya kisima, yenye chumvi. Sasa Serikali imeleta mabomba, na Jumatatu yangeunganishwa na kijito hiki.

Akapanda mtaroni akikimbia. Mwamvua, balozi wao wa nyumba kumi, alikuwa amesimama na fundi Thadeo, kijana aliyetumwa kutoka Kilosa.

"Shikamoo, mama," alisema Thadeo.

"Marahaba, mwanangu. Haya maji yamekufa."

Thadeo akacheka kidogo, kwa heshima. "Mama, maji yanaonyesha mpaka chini! Na chupa za maji haya nimekwisha kuzipeleka Dar kupimwa."

"Majibu yanakuja lini?"

"Mwezi ujao, labda."

"Na sisi tunaanza kunywa Jumatatu!" Yudith alimgeukia Mwamvua. "Dada, mimi sikusoma. Lakini kaa hahami mto mzuri. Wadudu hawahami mto mzuri. Kuna kitu kimewaua, na hicho kitu tunakiletea bomba."

Waliokuwa karibu wakaacha majembe. Mzee Cleopa akanung'unika kwamba watu wa milimani wana mambo yao, kula kaa na kupekua mawe. Mwamvua alijifunga khanga yake upya, akaikaza.

"Leo Ijumaa," akasema. "Fundi, nenda naye. Magharibi isiadhiniwe kabla hamjarudi na jibu."

Wakaupanda mto. Kila baada ya hatua mia Yudith alisimama na kugeuza mawe, na kila mara aliinuka mikono mitupu. Thadeo alimfuata, viatu mkononi, suruali imekunjwa magotini. Baada ya nusu saa wakafika mahali kijito kilipogawanyika matawi mawili. Tawi moja lilishuka kutoka milimani, la pili lilitoka upande wa malisho.

"Wewe tafuta huko, mimi huku," alisema Yudith. "Ukiona chochote kinachotembea, piga kelele."

Hazikutimia dakika tano. Ukelele uliotoka tawi la milimani ukawarusha ndege mitini.

"Mama! Mama! Kinanitambaa mkononi!"

Yudith akakimbia akiteleza. Thadeo alikuwa amepiga magoti majini, macho yamemtoka. Chini ya jiwe lake palijaa uhai: vidudu vya mikia mitatu, mabuu ya kereng'ende yenye macho makubwa, na vile viwavi vinavyojijengea vijumba vya mchanga na kujifungia ndani. Kaa mmoja mweusi alikuwa amemshika kidole na hataki kumwachia.

"Hiki kinaitwaje?" aliuliza Thadeo, akionyesha kijumba cha mchanga. "Na hiki?"

Yudith akamtajia kwa Kikaguru, lugha ya kwao, maana kwa Kiswahili hakuwa na jina lake. "Hawa ndio wa kwanza kufa maji yakiharibika. Ukiwaona hawa, kunywa."

"Basi sumu inatoka tawi la pili!"

"Ndiyo hiyo. Twende!"

Sasa kijana ndiye aliyetangulia. Alipekua mawe ya tawi la malisho kama mtu aliyeangusha pete ya ndoa. Hakuna. Hakuna. Wakaokota gamba la kaa, likapukutika mkononi. Juu kidogo wakapita mdomo wa korongo dogo lililoingia mtoni kutoka kushoto, kisha Thadeo akageuza jiwe na kuruka kwa furaha.

"Wapo! Huku wapo!"

Wakatazamana. Chini ya korongo, kifo. Juu ya korongo, uhai. Hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake. Wakaingia korongoni mbio, Yudith na miaka yake hamsini na miwili akipumua kwa kishindo, na harufu kali ya dawa ikawapokea kabla hawajatokea juu.

Lilikuwa josho, pa kuwaogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Mtunzaji wake, Lazaro, mtu mpole mwenye kofia iliyochakaa, alikuwa akifagia sakafu. Aliwapokea vizuri, akawapa kigoda. Hakuficha kitu. Ndiyo, majuma mawili yaliyopita alibadilisha dawa. Aliagizwa achimbe shimo amwage ile ya zamani, lakini ardhi ni mwamba mtupu, jembe likavunjika, akaielekeza korongoni.

"Korongo linaingia mto tunaotaka kunywa," alisema Thadeo.

"Mnywe akina nani?"

"Sisi," alisema Yudith. "Kijiji. Watu mia nne, na watoto."

Lazaro akaweka ufagio chini. "Huko chini kuna watu? Mimi niko hapa mwaka wa tano. Huko ni pori, mama. Nani aliniambia kuna watu?"

Yudith alikuwa amepanda na hasira tayari mdomoni, nayo ikakosa pa kwenda. Kweli, nani alimwambia? Watu walishushwa kwenye malori, wakahesabiwa, na aliye juu ya mto hakupewa habari.

Jua lilikuwa halijazama waliporudi. Mwamvua aliwakusanya watu palepale mtaroni. Thadeo akaeleza yote, kisha akasema bomba lazima lipandishwe hadi tawi la milimani, nusu maili zaidi. Watu wakaguna. Mzee Cleopa ndiye aliyeuliza kwa sauti, "Wale kaa mmewaona kwa macho yenu?" Thadeo akainua kidole chake kilichovimba. Kicheko kilichozuka kilimaliza mkutano.

Walichimba siku kumi na moja. Siku ya tatu Lazaro alitokea na mtaimbo begani. Asubuhi alichimba shimo lake mwambani, mchana akachimba mtaro wao, na hakuna aliyemwuliza kitu.

Majibu ya chupa yalifika miezi miwili baadaye, bomba likitiririka. Yalisema kwamba kijito cha chini hakikuwa na vijidudu vya kipindupindu wala homa ya matumbo. Dawa ya josho haikutafutwa, kwa kuwa hakuna aliyeagiza itafutwe. Thadeo aliisoma karatasi hiyo mara tatu, akaikunja.

Mvua zilipokwisha ikaja barua ya Thadeo kutoka Kidodi, alikopelekwa kuunganishia kijiji kingine maji. Mwamvua akamsomea Yudith: kuna vijito vitatu, kila mtu anasifu cha kwake, na yeye peke yake haviamini. Lori la Kidodi linapita Alhamisi kwa njia ya Mikumi, dereva ameshaambiwa amchukue Yudith.

"Utakwenda kweli?" aliuliza Mwamvua. "Barabara ile ina tembo."

Yudith alikuwa ameshaingia ndani kutafuta gauni lisiloogopa kulowa.