Bibi Siwatu kwenye Ncha ya Uzi

Usiku wa jana niliota sheria mpya imepitishwa Ulaya: aliye mbali sharti awe mdogo. Si kuonekana mdogo. Kuwa mdogo.

Nilikuwa nimesimama ndani ya kanisa la mawe, karne tano nyuma, nimevaa dera langu la kulalia, na hakuna aliyeshangaa. Fundi mchoraji, jina lake Anselmi, alikuwa amepigilia msumari katikati ya ukuta. Kwenye msumari alifunga nyuzi zilizopakwa chaki, akawa anazivuta moja moja na kuziachia. Pa! Kila uzi uliacha mstari wa buluu, na mstari ukageuka barabara, au ukingo wa paa.

"Zamani tulichora kwa heshima," akaniambia bila kugeuka. "Mtakatifu alikuwa mkubwa kuliko nyumba, hata akiwa nyuma ya mlima. Punda alikuwa mdogo, hata akikukanyaga mguu. Siku hizi tunachora kwa umbali."

"Na heshima mmeipeleka wapi?"

"Iko stoo."

Nikachungulia stoo. Watakatifu wa zamani, warefu kama minara, walikuwa wamekunja magoti wanafunga mizigo. Mmoja akaniuliza kama najua nyumba ya kupanga yenye dari ya juu. Nikamwambia sina hakika.

Niliporudi, ukuta haukuwa ukuta tena. Ni njia ya kwetu Pangani, ile itokayo kisimani hadi uani kwa Bibi. Mwisho kabisa, pale nyuzi zote zinapokutana, kuna kitu kidogo kama punje ya mtama. Punje inapepeta mchele.

Ni Bibi Siwatu, mama yake mama, aliyefariki nikiwa darasa la tano. Nyumbani tuna picha yake moja tu, ya harusi ya mjomba. Amesimama nyuma ya watu wote, mlangoni mwa jiko, na maandishi ya kanga yake hayasomeki. Mimi ninayejigamba kwamba hakuna neno la Kiswahili linalonipita, hayo ya bibi yangu yamenipita miaka yote. Mama hayakumbuki. Mjomba anasema kanga ilikuwa nyekundu.

"Msogeze mbele nisome kanga yake," nikamwambia Anselmi.

"Siwezi. Amekaa mbali."

"Basi mchore kwa heshima."

"Dada yangu, nitachekwa Ulaya nzima."

Hapo ndoo ya chokaa iliyokuwa mlangoni ikakohoa.

"Fanyeni haraka," ikasema. "Nimetumwa na wazee wa mji. Picha zote za kanisani zifutwe leo, watu wasome Neno kwa lugha yao."

"Hilo ndilo nilitakalo. Neno lenyewe liko kwenye kanga ya yule pale."

Ndoo ikatazama kwa makini. "Simwoni mtu. Naona punje."

"Ndiye huyo."

"Mimi sikuambiwa nibakize punje," ikasema, ikaanza kupaka.

Kisima kikawa cheupe. Mti wa mkungu wa jirani ukawa mweupe. Nikaudaka uzi mmoja, nikauvuta kwa nguvu zangu zote ili Bibi aje.

"Unajichosha," uzi ukaniambia. "Sisi hatumtii fundi wala bibi yako. Tunalitii jicho. Yeye hasogei. Wewe je, miguu yako imefungwa?"

Haijafungwa. Nikaingia njiani.

Natembea, na Bibi anakua. Anakuwa kunazi, anakuwa kuku, anakuwa mtoto, kisha anakuwa Bibi mzima, mwenye harufu ya moshi wa kuni na mafuta ya nazi. Nyuma yangu Anselmi anapiga kelele kwamba namharibia vipimo, lakini sauti yake sasa ni ya mbu. Ndoo nayo, kwa kuwa iko mbali, imekuwa kizibo cha chupa, na chokaa yake haitoshi hata kupaka ukucha. Sheria ni sheria.

"Haya, mke mwenzangu," Bibi akasema. "Unakuja ugenini na nguo ya kulalia. Ndivyo mlivyofundishwa chuoni?"

"Bibi, ulikuwa mdogo mno."

"Nani, mie? Mie niko hapa napepeta. Wewe ndiye uliyekuwa kama chawa kule mwisho."

"Geuka nisome kanga yako."

"Kwanza nishikie ungo. Mchele ukimwagika utauokota kwa ulimi."

Nikaupakata ungo. Akainuka polepole, mkono kiunoni, akanigeuzia mgongo. Nikasoma:

MBALI NI KWAKO MIE NIPO

"Ulikuwa unamwambia nani, Bibi?"

"Mwanahawa wa ng'ambo ya njia. Alikuwa akitangaza kwamba nimezeeka." Akacheka mpaka akashika mlango. "Alinuna harusi nzima!"

Nikamwambia nabaki. Nitapepeta, nitachota maji. Bibi akaelekeza kidevu kule nilikotoka. Mwisho wa njia palikuwa na punje nyingine, inakunja shuka.

"Yule ni mwanangu," akasema. "Nawe unataka kumwacha awe hivyo?"

Nikamrudishia ungo. Nilirudi bila kugeuka nyuma, maana nilijua sheria.

Nilipofumbua macho, Mama alikuwa mlangoni, mkubwa kama kawaida yake.

"Mpaka saa hizi umelala? Na hizo kumvi mapajani umezitoa wapi? Humu tunakula mchele wa pakiti."

Nikatazama. Kumvi mbili za mpunga zilikuwa zimenasa kwenye dera.

Nikamwambia maneno ya kanga. Mama akaketi kitandani taratibu.

"Mwanahawa," akasema. "Alinuna harusi nzima."

Akaokota kumvi moja, akaisogeza karibu kabisa na jicho lake, mpaka ikaziba dirisha lote.