Chenga Kwenye Mkanda wa Harusi

Mjane hakungoja hata mkanda uingie kwenye deki. "Utakuta nimechakaa, fundi," alisema. "Marehemu hakuwa na sinema nyingine. Kila jioni ni harusi yetu tu, mimi na shela langu."

Alipaza sauti makusudi, imfikie mdogo wake aliyemsindikiza. Mdogo mtu alikuwa mpambe wake siku ile, na mpaka leo hajaolewa, jambo ambalo dada yake alimkumbusha kila alipopata upenyo.

Fundi akaunganisha deki na kompyuta ili auhamishe mkanda. Kwenye skrini, bibi harusi akaingia ukumbini anang'aa, kila ua la shela linahesabika. Mjane akavimba kichwa. Lakini kamera ilipowageukia wapambe, picha ikajaa chenga, ikapinda, ikakatika. Fundi akasafisha deki kwa spiriti, akarudia. Akaleta deki nyingine. Chenga zikabaki pale pale.

"Deki hazina kosa," akasema, macho kwenye skrini. "Mkanda hulika pale mtu anaposimamisha picha, anarudisha nyuma, anasimamisha tena. Huyu msichana wa gauni la bluu ameangaliwa mpaka ameisha. Ni nani?"



"Ni mimi," mdogo wake akajibu, na yeye akapaza sauti.

Fundi, roho safi, akamgeukia mjane kumliwaza. "Usijali, mama. Wewe uko mpya kabisa, kama vile hakuna aliyewahi kukuangalia."