Moyo Uliokwenda Likizo

Niliota usiku wa jana kwamba moyo wangu uko likizo. Umekaa kwenye benchi la wodi ya wanawake, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, unamenya chungwa.

"Rudi kazini," nauambia.

"Daktari alisema nipumzike miezi sita."

"Hiyo ilikuwa miaka saba iliyopita!"

"Hakuna aliyekuja kuniita."

Ni kweli, tena inaniudhi. Tulilazwa pamoja mimi na shoga yangu Kalunde, vitanda vimegusana, misuli ya mioyo yetu imevimba baada ya mafua ya kijinga tu. Kwenye fomu, penye ndugu wa karibu, kila mmoja alimwandika mwenzake. Tukacheka mpaka nesi akatufokea. Niliruhusiwa kwanza. Simu yangu ikaibiwa, namba yake ikaenda nayo, nikajisemea nitamtafuta. Sikumtafuta.

Rejesta ya wodi inakohoa, inajifunua yenyewe.

"Mgonjwa wa kumi na tisa, Kalunde. Mwanamke, miaka thelathini na moja. Homa, maumivu ya kifua. Baada ya miaka saba: mzima au marehemu?"

"Sijui."

"Ndugu wa karibu lazima ajue. Nikikosa jibu naandika marehemu."

"Usiandike!"

Nainama kumtafuta chini ya kitanda chake. Chini ya kitanda ni Urambo, kwao Tabora, ndani ya bani la kukaushia tumbaku. Kalunde anafunga majani mabichi kwenye fito. Amekonda. Kifua chake kinadunda mara mbili mbili.

"Asteria, shoga yangu, umechelewa," anasema bila kununa. "Moyo wako ulipokwenda likizo, nikasema ngoja wangu udunde na kwa ajili yako. Sasa nimechoka."

"Miaka yote hii?"

"Si uliniandika ndugu yako? Haya, shika huku."

Nashika. Kumbe nilikuwa nimemkumbuka sana. Nataka kumwomba radhi, ananiambia nikaze kamba kwanza.

Niliamka kumekucha, moyo unakwenda mbio, wangu mwenyewe. Hapa Tanga nashona sare za shule, na nyumbani kwangu havuti mtu sigara. Sasa niko stendi, hata mswaki sijapiga, naulizia basi la Tabora. Mkata tiketi anaitazama mikono yangu. Ina ulimbo wa tumbaku mpaka kwenye kucha. Nimesugua kwa sabuni, nimesugua kwa mafuta ya taa, hautoki. Bado mbichi.