Jiwe la Juu ya Paa

Nazha alikuwa amebakiza vidato vitatu kufika juu, ufagio laini kwapani, aliposikia jiwe linaviringika juu ya paa. Guu. Kimya. Guu.

Sauti hiyo aliijua tangu utoto. Enzi paa lilipokuwa la udongo mwekundu, kila theluji ilipokatika baba yake alipanda kulisukuma lile jiwe nene kama gogo, huku na huku, kuushindilia udongo usivuje. Baba alizikwa miaka thelathini iliyopita. Paa sasa ni la zege, na jiwe liliegeshwa nyuma ya paneli za sola zisipeperushwe na upepo. Wanaume wanne walilisogeza pale, wakitweta.

Chini, kaka yake Milhim alilala karibu na jiko la kuni, mrija wa mashine ya hewa puani. Betri ilikuwa imebaki asilimia kumi na nne. Friji Nazha alishaizima, taa alishazizima, hata redio. Barabara ilikuwa imezibwa na theluji. Paneli zisipopata jua leo, mashine haitafika jioni.

Na kosa lilikuwa lake. Fundi Shafiq alikuja vuli kuziinua paneli, maana jua la majira ya baridi hupita chini. Nazha akamkatalia asimkanyagie kishki, mchanganyiko wa ngano na mtindi alioanika paa zima kwa supu ya msimu. Akamwambia arudi kikikauka. Theluji ikamtangulia. Asubuhi hii, kwenye simu, fundi alimwonya asimwage maji ya moto, kioo kitapasuka, afagie taratibu.

"Zimelala kama watu wa pwani, shangazi," alisema. "Ungeziinua kidogo tu."

"Kwa mgongo huu?"

"Basi fagia, uombe."

Akapanda vidato vilivyobaki.

Paneli zilikuwa safi. Zilisimama wima zikilitazama jua, vyuma vyake vimepachikwa kwenye matundu ya juu kabisa. Jiwe lilikuwa limesogea hatua mbili, likizikaza kwa nyuma. Theluji ilikuwa na mfereji mmoja mpana, wa jiwe. Unyayo hakuuona hata mmoja.

Aliteremka kinyumenyume.

"Baba amemaliza?" Milhim aliuliza, macho yamefumbwa.

"Nilikuwa mimi."

"Wewe nilikusikia ngazini, na viatu vyako hivyo vya punda. Nauliza wa juu."

Nazha alitazama kibao cha betri: kumi na tano. Akakoroga supu ya kishki mpaka ikawa nzito, akakisoma kibao tena: kumi na tisa. Akapakua mabakuli mawili. Akasimama na upawa mkononi, kisha akapakua la tatu, lile lenye ufa ukingoni, akaliweka upande wa mlango wa ngazi, mahali palipokuwa pa baba.

Guu, juu yao, polepole.

Kutoka kwenye dari la zege punje za udongo mwekundu zikadondoka, chache, zikatua juu ya supu ya bakuli la tatu.