Mchicha wa Mrututu

Mjinga siku ile alikuwa Marcelino, na hamsingizii mtu. Muulize hata leo atakwambia: wengine huzaliwa wajinga, yeye ujinga aliusomea, akafaulu kwa daraja la kwanza.

Ilikuwa mwaka wa njaa, sabini na nne, mji mzima umeambiwa ulime. Marcelino, aliyeiacha mikahawa ya baba yake kule Kibosho akaja kuuza mboga Kariakoo, naye akajikatia matuta matano ya mchicha bondeni Msimbazi. Nyumbani mkewe Hyasinta alikuwa na mimba ya miezi mitano na uso uliopauka kama majivu. Sista wa kliniki alimvuta kope ya chini, akaguna.

"Damu huna, mama. Kula mboga za majani, kila siku. Ukienda leba hivi, hutoki."

Basi Marcelino akawa na kazi moja tu duniani: kumtilia mkewe damu. Na mchicha wake ndio huo, wa njano. Mishipa ya jani imebaki kijani, kati ya mishipa njano tupu. Wakulima wa bondeni, waliomwita Mangi kwa kuwa ametoka Kibosho, walicheka mpaka wakakaa chini.

"Mangi, mboga zako zimevaa jezi ya Yanga! Zinacheza lini?"

"Jumapili. Leteni viingilio," akajibu, maana kwa maneno hajapata kushindwa. Lakini alipogeuka, kicheko kilimkaukia mdomoni.

Bwana shamba Wilbert alikuja, akachuchumaa, akakwangua udongo kwa ukucha. "Ndugu, huu weupe nini?"

"Chokaa. Ilibaki tulipopaka mawe ya barabarani kwa Saba Saba. Nimeimwaga iue wadudu."

"Wadudu wamenusurika, umeliua jani." Wilbert akachuma moja, akaliinua juani. "Kijani hakiji chenyewe, ndugu yangu. Jani hukipika, hatua kwa hatua, hata ule utelezi wa kijani wa mtaroni pale hukipika hivyo hivyo. Mwisho hutia madini ya magnesi katikati, kisha jua linakiivisha. Lakini bila chuma mapishi hukwama njiani. Na chuma kimo humu humu udongoni, chokaa yako imekifunga, mizizi haikipati."

"Chuma? Si ndicho anachokosa mke wangu?"

"Hicho hicho. Damu na kijani hupikwa kwa njia moja mpaka karibu na mwisho. Hapo njia hugawanyika: penye kutiwa chuma panatoka wekundu wa damu, penye magnesi panatoka kijani. Kwangua chokaa, tia samadi, panda upya. Wiki tatu."

Wiki tatu! Marcelino alirudi nyumbani akiwa na fungu moja la njano, hasira zimemjaa, akaliona kopo la mrututu, zile chembe za buluu alizotoka nazo Kibosho, chini ya kitanda. Kwao mrututu ni dawa ya mikahawa. Ukiipulizia, majani hayapukutiki, hubaki kijani mpaka yanang'aa. Kama unaokoa mkahawa, utashindwaje na mchicha? Akakoroga konzi nzima kwenye karai, maji yakawa buluu kama wino wa shule. Akaloweka fungu lake tangu asubuhi hadi adhuhuri, akalisuuza mara moja, akalitia chunguni.

Kumbe maajabu yalikuwa chunguni. Mboga nyingine zikichemka hufifia, hii ilizidi kukolea, kijani ambacho hata sokoni hakijapata kuonekana. Marcelino alicheza jikoni peke yake.

Hyasinta alionja, akakunja uso. "Mbona kama nalamba senti tano?"

"Ndicho chuma chenyewe hicho. Kula, mama, usimnyime mtoto."

Akala. Alimaliza bakuli zima, kwa kumtii.

Kabla ya alasiri alikuwa anatapika buluu. Kesho yake mkojo wake ulitoka mweusi kama kahawa, macho yakawa manjano. Siku ya tatu, wodini, mtoto alitoka. Alikuwa wa kiume. Sista alimfunga kwenye kipande cha shuka, akampa Marcelino, naye akambeba kwa mkono mmoja, mwepesi kuliko fungu la mchicha.

Daktari alisema mrututu ni shaba, na shaba imeivunja hata ile damu kidogo iliyokuwapo. Wilbert alipokuja kuwapa pole, Marcelino alimshika mkono palepale kando ya kitanda.

"Lakini ulikolea, bwana shamba! Niliona kwa macho yangu."

"Ulikolea kwa sababu shaba iliing'oa magnesi, ikakaa kitini pake. Haibanduki kwa moto. Jani lenyewe lilikuwa limekwisha kufa."

"Kwetu tunapuliza kila mwaka, hajafa mtu!"

"Kwenu mnavuna buni. Nani anakula majani?"

Marcelino alimwacha, akamgeukia mkewe. Hyasinta alikuwa amelala akitazama dari, damu ya mtu asiyemjua ikishuka kutoka chupani, ikimwingia mkononi kwa mpira, tone moja moja.

"Hyasinta, nilifanya kwa ajili yenu. Wiki tatu zote zile, ungekuwa wewe ungengojaje? Niambie. Nani angeweza kungoja?"

Hakugeuza kichwa.

"Mtoto alikuwa amebakiza miezi minne," akasema, "na alikuwa anangoja."