Sampuli ya Pili

Mwigulu alifika Rwamgasa kumchukua kaka yake akafie nyumbani, Songwa. Alikodi gari, akatandika godoro nyuma, na habari ya kaburi alikwisha kuimaliza na wazee kabla hajaondoka.

"Mwangaluka, shemeji," alisalimu mlangoni.

Ghati aliitikia, lakini hakumpisha. Ndani alikaa mumewe, Nkwabi, shingo imekakamaa na kuwa nyeusi tangu alipochomwa mionzi ya saratani ya koo. Sauti ilimwisha, ukabaki mnong'ono. Tangu hapo kila walipokwenda hospitali Mwanza alipimwa damu kuangalia alama ya saratani, na namba ilikuwa chini. Safari hii ilipanda. Kosa la Ghati lilikuwa kumwambia wifi yake kwenye simu. Kabla jua halijazama, ukoo mzima ulikuwa unalia.

"Damu imeshasema, Mama Loveness," Mwigulu alimwambia Ghati. "Muacheni mtu apumzike."

"Imesema nini? Daktari kasema namba moja si hukumu. Hata ugonjwa mwingine unaweza kuipandisha. Apimwe tena, ikibaki juu wachungulie koo."

"Madaktari hawaishiwi maneno."

"Na wewe huishiwi magodoro."

Ndani karai liligongwa kwa nguvu. Ndivyo Nkwabi alivyoita watu siku hizi. Waliingia. Ghati aliinama, akamtegea sikio, kisha akainuka anatabasamu.

"Kaka yako anauliza, lile duara letu la kwanza la dhahabu, sampuli ilipokataa, nani alitaka shimo lifukiwe?"

Mwigulu alitazama chini. Ni yeye. Walitwanga jiwe, wakaliosha, karai likabaki bila chembe ya dhahabu, naye akafunga mizigo. Nkwabi ndiye aliyeshuka tena shimoni, akatoa jiwe la upande wa pili. Ng'ombe aliooa nao Mwigulu walitoka kwenye jiwe hilo.

"Mtu si jiwe," alijibu kwa sauti ndogo.

"Ndiyo maana hatupwi mapema. Gari lina mafuta?"

"Linayo."

"Basi ligeuze, twende Mwanza."

Nkwabi alijilaza kwenye godoro la mazishi yake, mabega yakimtikisika. Mwigulu alidhani analia. Alikuwa anacheka.

Sampuli ya pili nayo ilikuwa juu, tena kuliko ya kwanza.

"Si nilisema?" alinung'unika Mwigulu pale kwenye korido.

Ghati alimgeukia, macho makavu. "Ulisema twende kaburini. Damu inasema kuna kitu, kikatafutwe. Sasa ndiyo tunachimba."

Daktari Scolastika alichungulia koo, akakuta kinundu kama punje ya choroko, mahali ambapo hakuna aliyekiona kwa nje wala mwenyewe hakukihisi. Hakikuwa kimesambaa. Walikikata, na kile kisu kiliondoka na mnong'ono wa Nkwabi pia.

Alirudi Rwamgasa na filimbi shingoni badala ya sauti. Alisimamia duara lake misimu mitatu ya mvua, na vijana walijifunza kuuelewa kila mlio, hasa ule wa matusi.

Ugonjwa ulimshinda baadaye, mahali pengine mwilini. Akazikwa Songwa, kama Mwigulu alivyotaka. Lakini alikwenda huko angali hai, siku aliyoichagua mwenyewe, amekaa kiti cha mbele, anapuliza filimbi kila dereva alipopunguza mwendo.